Ubao wa Benchi na Faili la Songea

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, kondakta wa basi la kutoka Mikumi alisimama mlangoni mwa karakana yetu ya Ifakara akiwa na bahasha ya kaki iliyolowa pembe moja. Ilikuwa masika ya mwaka wa tisini na sita, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuka barabara bila kukimbia. "Imetoka Songea," alisema. "Imepanda mabasi matatu na hakuna kondakta aliyelipwa. Mimi wa mwisho nataka soda." Nilimpa hela ya soda. Ndani ya bahasha mlikuwa na disketi moja iliyoviringishwa kwenye mfuko wa nailoni, na karatasi iliyopigwa chapa, yenye sahihi ya T. Komba. Nilisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimekaa, kisha nikaenda kufunga mlango, jambo ambalo hatukuwa tunalifanya mchana.

Nimeikumbuka asubuhi ile kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mzee Apolinari, mwenye karakana, na mazikoni alikuja mtu ambaye sikumtarajia. Nitamfikia. Kwanza nieleze barua ilisema nini, maana mwaka wangu wote ulitokana nayo. Miaka miwili kabla, mhandisi mmoja wa kujitolea aliyekuwa akisimamia majengo katika mikoa ya kusini alirudi kwao Ulaya, na kabla ya kuondoka aligawa programu ya kompyuta kwa karakana kadhaa. Ilikuwa programu ya kenchi, ile mifupa ya mbao inayobeba paa. Unaichorea kenchi ya paa unalotaka kujenga, unaiambia mbao ni za mti gani na zina unene gani, nayo inakuonyesha kipande kipi kitapinda na kipi kitavunjika, bati likishapigiliwa na upepo ukianza kuvuma. Mzee Apolinari aliinunua kompyuta ya mhandisi yule pamoja na meza yake, na mimi, niliyekuwa mchoraji wa karakana, nikajifunza kuitumia kwa kusoma kijitabu chake neno kwa neno na kamusi kando. Tatizo lilikuwa moja. Programu ilijua tu mbao ilizoambiwa, nazo zilikuwa kwenye faili dogo lililokuja nayo, na faili hilo lilijaa misonobari ya Ulaya. Mtondoro haumo. Mninga haumo. Mti wowote unaoota kati ya Kidatu na Mlimba haumo.

T. Komba alikuwa mmoja wa wale waliopewa programu. Aliandika kwamba amepima mbao za miombo za upande wa Songea, mtondoro ukiwemo, akaziingiza kwenye faili, na sasa anaituma nakala kwa kila karakana ambayo anwani yake ilikuwa nyuma ya kijitabu. Hataki malipo. Anachoomba ni kila mmoja apime mbao za kwao kwa namna yake, aongeze kwenye faili na kulirudisha, ili kila mwenye programu ajenge kwa namba za miti yetu. Mwisho aliandika: "Faili ni la wote. Asiyetaka kutoa, achukue tu."

"Soma tena hapo mwisho," alisema Mzee Apolinari.

Nilisoma. Alikuwa amekaa kwenye gogo la kupigia randa, miguu kwenye maranda, akivua miwani na kuivaa. Mzee yule hakuwa na kelele. Akishuku jambo, alikuwa mpole zaidi.

"Achukue tu," alirudia. "Kasiani, wewe umewahi kuona fundi anampa fundi mwenzake kipimo bila kutaka kitu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi anataka kitu. Tukae tumtazame."

Namba zake ndizo zilizozidisha mashaka. Mimi nilikuwa nimeshapima mtondoro wetu mwaka uliotangulia. Niliulaza ubao juu ya vigingi viwili, nikaning'iniza pipa katikati, nikawa namimina maji ndoo kwa ndoo, na kusoma kwenye rula ubao umeshuka kiasi gani chini ya uzi wa kuvulia samaki niliouvuta kutoka ncha moja hadi nyingine. Nilirudia kwa mbao nyingi, maana siamini kipimo kimoja. Mtondoro wa T. Komba ulikuwa mkakamavu kuliko wetu kwa karibu theluthi nzima, na katika kuvunjika ulizidi hata zaidi. Mti ule ule, jina lile lile. Nilifikiri mambo mawili tu: ama hajui kupima, ama anajua sana. Mtu akikutumia namba za uongo zinazosema mbao ni imara kuliko zilivyo, utajenga kenchi nyembamba, na paa lako litakapobonyea wateja watamwendea yeye. Mzee alifikiri hivyo hivyo kabla sijasema, akaongeza la tatu: kwamba huenda huyo bwana wa Songea amesikia habari za Kiberege.

Kiberege ndiko kulikokuwa na kazi yetu kubwa. Wakulima wa kule walikuwa wamechangishana kwa misimu miwili ili wajenge ghala la mpunga. Kuta zilikuwa zimesimama. Lilibaki paa, na walitupa sisi tulikadirie. Niliingiza namba zangu za mtondoro kwenye programu, nayo ikadai mbao za inchi mbili kwa sita karibu kila mahali. Nilipopiga hesabu, mbao zilimeza mchango wao kiasi kwamba bati lililobaki lilitosha upande mmoja wa paa. Mwenyekiti wao, Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi kabla na sasa analima mpunga kuliko anavyochunga, aliitazama karatasi yangu akairudisha mezani taratibu. Mavuno yalikuwa yanakuja. Mwaka uliopita walikuwa wameweka mpunga chini ya maturubai, na mvua ya vuli ikawaozeshea sehemu kubwa.

Chakula cha mchana tulikula kwa Mama Leokadia, kibanda cha matete nyuma ya karakana, meko matatu na mabenchi manne. Siku ya wali na kambale ulikuwa unakula huku jasho likikudondokea sahanini, kwa sababu benchi la ndani lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni. Ukikaa hapo ulisikia kila kinachosemwa upande wa nje, kwani matete hayazuii kitu. Siku mbili baada ya kumpa makadirio, nilimsikia Masanja nje, anakula na watu wake wa Kiberege.

"Nimewaambia, kompyuta ile inakula mbao kuliko mchwa," alisema, na wenzake wakacheka. "Zamani fundi alikuwa anatazama nyumba, anatazama juu, anakwambia, lete mbao hizi. Sasa anauliza televisheni. Na televisheni ni ya nani? Ya muuza mbao!"

"Mpogoro akupikie hesabu, wewe unadhani atashiba nani?" alisema mwingine, akimaanisha Mzee wetu.

"Ndiyo maana nataka niulize watu wengine. Nisipoezeka pande zote mbili, mwaka huu nahamia nao mpunga kitandani."

Mama Leokadia alinitazama kupitia mvuke wa sufuria. "Kula, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Wali hauna ubaya na mtu."

Sikula. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nikijivunia namba zangu, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba watu wanaweza kuzitazama kama mimi nilivyozitazama za Songea. Leo nikifundisha vijana kazi hii huwaambia waanze na swali ambalo Masanja aliuliza kwa mzaha: namba hii ni ya nani, na anapata nini ikiwa kubwa au ndogo. Wakati ule niliona ni tusi.

Jioni hiyo Mzee aliamua tumjibu T. Komba. Alitaka tumtumie namba zilizokorogwa. "Zitie chumvi kidogo. Tuone atazifanyia nini."

"Mzee, faili linazunguka," nilimwambia. "Tukiweka uongo, utarudi hapa hapa na basi, umechanganyika na za watu wengine, na hatutaujua tena."

Alikwaruza gundi iliyokauka kwenye kidole. "Basi mpe za kweli. Akiona tunajua kupima, ataogopa."

Nilizituma za kweli. Jibu lilichukua wiki tatu kufika, na halikuwa la mtu aliyeogopa. Lilikuwa na maswali: "Mbao mlizopima zilikatwa lini? Zilikaa wapi kabla ya kupimwa? Ubao mmoja ulikuwa na uzito gani?" Hakukuwa na shukrani wala lawama.

Mzee aliposikia swali la pili, alisimama. "Umeona? Nilikwambia anataka kitu. Anataka shimo langu."

Hapa lazima nieleze shimo. Mtondoro una adui, naye ni bungua, mdudu anayetoboa mbao mpaka ziwe unga. Mzee Apolinari alikuwa na shimo nyuma ya shamba lake, karibu na mto Lumemo, ambamo maji yalikuwa yanaingia na kutoka. Mbao zetu zote zilizama humo kwa wiki kadhaa pamoja na majani ambayo sikuambiwa jina lake, kisha zikatolewa na kupelekwa moja kwa moja karakana. Bungua hakuzigusa. Mafundi wa mjini walijua kwamba kuna jambo, ila hawakujua ni nini, na wateja waliagiza mbao za Mzee kwa sababu hiyo. Isitoshe zilikuwa nzito, na mnunuzi wa Ifakara wa miaka ile alianza kwa kuunyanyua ubao. Ukiwa mwepesi, aliuacha, alisema umekufa. Kwa hiyo hatukuanika. Ubao uliokauka uwanjani kwetu ulikuwa ubao ambao haujapata mteja, na Mzee aliurudisha majini.

Nilikaa na maswali yale matatu kama mtu aliyekaa na jirani asiyemwamini. Mara nilimwona T. Komba mwizi wa shimo. Mara nilijiuliza kwa nini mwizi wa shimo aulize uzito. Swali la uzito halikumsaidia mwizi. Lilimsaidia mtu mmoja tu, yule anayetaka kujua ubao una maji kiasi gani. Nikatazama uwanja wetu wote nikitafuta mtondoro mkavu niupime, na hapakuwa na hata kipande. Kila kitu kilikuwa kinanuka shimo.

Nilikuja kuupata nikiwa nimeukalia. Benchi la ndani kwa Mama Leokadia lilitoka kwetu. Mzee alimpa siku alipofungua kibanda, miaka minne nyuma, ubao wa mtondoro wa shimo lile lile. Tangu siku hiyo lilikuwa limeegemea ukuta wa meko, likikaushwa kutwa.

"Benchi langu?" alisema Mama Leokadia. "Na wateja wakae wapi, juu ya kompyuta?"

"Siku moja tu, Mama. Nitalirudisha."

"Likivunjika?"

"Likivunjika nitakuwa nimekosea mimi, na nitakutengenezea mawili."

"Basi livunjike," alisema, wakacheka wote waliokuwa wanakula, naye akafuta ukoko wa wali kwenye ubao kwa pindo la khanga kabla ya kuniachia.

Niling'oa miguu, nikaupiga randa mpaka unene wake ulingane na wa mbao za uwanjani, nikaulaza juu ya vigingi. Kando nililaza ubao uliotoka shimoni wiki ile. Mzee alikuja akasimama nyuma yangu. Nilimimina maji kwenye pipa la ubao mbichi, nikasoma rula. Nikamimina maji kiasi kile kile kwenye pipa la ubao wa benchi, nikasoma rula. Nikarudia. Benchi lilishuka kidogo zaidi ya robo tatu ya kushuka kwa ubao mbichi. Nilichukua disketi ya Songea nikaingiza namba zake mbele ya Mzee, na namba ya benchi ikakaa juu ya namba ya T. Komba kama kifuniko kinavyokaa juu ya chungu chake. Hakuwa amedanganya. Wala mimi. Yeye alipima mtondoro uliokaa kivulini tangu kiangazi. Mimi nilipima mtondoro wenye maji ya Lumemo, na kwenye faili wote wawili tuliandika neno moja, "mtondoro".

Mzee Apolinari, mtu aliyeuliza maswali juu ya kila msumari, hakuuliza swali hata moja. Alivua miwani, akaivaa, akaushika ubao wa benchi kwa kiganja, akasema, "Anika."

Tulianika. Mbao za Kiberege zilitolewa shimoni mvua zilipokatika, tukazipanga bandani kwa tabaka, vijiti katikati ili hewa ipite, na kila wiki nilipima uzito wa mbao zile zile nilizotia alama ya rangi. Masanja alikuja kutazama, akanyanyua ubao mmoja, akaona mwepesi, akageuka.

"Kasiani, mnaniuzia mbao zilizokufa?"

"Kalia," nilimwambia. Nilikuwa nimeweka ubao mkavu na ubao mbichi juu ya vigingi, sambamba. Masanja ni mtu mwenye mwili. Alikalia mmoja, akakalia wa pili, akarudi kwenye wa kwanza, akajiruka-ruka kidogo kama mtu anayejaribu kitanda dukani.

"Huu mwepesi haushuki," alisema.

"Ndiyo."

"Na kompyuta inasemaje?"

"Inasema mbili kwa nne karibu kila mahali."

Alicheka peke yake. "Kumbe ilikuwa na njaa kwa sababu mlikuwa mnailisha maji." Lakini alipoondoka aliniuliza pembeni, bila kucheka, kwa nini hatukuanika tangu mwanzo. Nilimjibu kwamba wateja wanapenda mbao nzito. Alisema, "Haya," kwa namna ambayo sikuipenda.

Ilibaki kumjibu T. Komba. Nilimwambia Mzee kwamba bila kueleza shimo, namba zetu zitampotosha mtu mwingine. Fundi wa Kilosa au Liwale atazichukua kwenye faili, hatajua kama ni za mbao mbichi au kavu, naye atapoteza mbao au atapoteza paa. Alfajiri iliyofuata Mzee alinikuta nafungua karakana.

"Tuma," alisema. "Eleza kwamba tunaloweka. Eleza muda. Majani usiyataje, na usiandike shimo liko wapi."

Nikaandika mistari miwili badala ya mmoja: mtondoro mbichi uliolowekwa, mtondoro mkavu uliolowekwa, na chini yake maelezo ya jinsi nilivyopima, uzito ukiwemo. Miezi baadaye faili lilirudi kutoka Songea likiwa na miti ambayo sikuwahi kuiona, na kila mti sasa ulikuwa na mistari miwili na maelezo. Paa la ghala la Kiberege lilipigiliwa Oktoba, pande zote mbili, kabla ya vuli. Niliponda matope kwenda kulitazama mvua ya kwanza iliponyesha, nikasimama ndani nimeinua uso, nisiamini kitu mpaka nilipoona sakafu kavu. Lingali limesimama.

Mazikoni kwa Mzee Apolinari, baada ya watu kula wali na maharage, mama mmoja mwenye mvi, kiatu kimechakaa kwa vumbi la safari, alikuja akakaa kwenye kiti kando yangu. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akasema, "Mimi ndiye T. Komba. Teodora." Tulikuwa tumeandikiana kwa miaka kadhaa, kisha disketi zikapotea duniani na sisi tukapoteana pamoja nazo. Nilimwambia kwamba barua zangu zote zilimwita bwana. "Nilijua," alisema. "Sikukusahihisha. Mafundi walinijibu haraka wakidhani ni bwana."

Tuliongea juu ya benchi, naye akacheka. Halafu akaniuliza kama ningetaka kujua kwa nini alituma maswali yale matatu. Nilidhani ninajua. "Hujui," alisema. "Nilipoona namba zenu ziko chini, niliuliza kwanza karakana hiyo inauza nini. Nikaambiwa, mbao. Nikasema, huyu kijana anaandika mti dhaifu ili tajiri wake auze mbao nene. Nilitaka nikukamate."

"Na uliponijibu vizuri?"

"Niliona wewe hukujua. Kama yeye alijua, sikuweza kuona." Alitazama upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa wanasawazisha udongo.

Tangu siku hiyo nimeurudisha ubao wa benchi kwenye vigingi mara nyingi kichwani. Ninamwona Mzee nyuma yangu, haulizi. Labda alinyamaza kwa sababu aliona aibu ya kutojua, na labda kwa sababu hapakuwa na jipya la kuambiwa. Ninachojua kwa hakika ni kwamba ni yeye aliyesema "anika", na ni yeye aliyesema "tuma", na kwamba aliposema hivyo alijua ghala la Kiberege litatumia mbao chache kuliko alizokuwa amekwisha kuwahesabia. Tofauti kati ya makadirio ya kwanza na ya pili niliipiga mwenyewe. Kwa Masanja na wenzake ilikuwa fedha iliyookolewa, ikanunua bati la upande wa pili. Kwa Mzee Apolinari ilikuwa fedha iliyopotea, na hakuwahi kuitaja. Ni fedha ile ile: shilingi laki nne na elfu tano.